Paka Tuliyemkuta Kabeza

Kabeza, Kigali
Novemba 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine umpelekee Bibi pale kitandani kwake. Je, miguu yake imepungua kuvimba? Na wewe kifua chako kinakusumbua asubuhi kukiwa na ukungu? Sisi huku Mungu ametulinda. Shangazi ni mzima, ila amekonda. Mimi nimeanza shule, na mwalimu wa Kifaransa ameniketisha mbele kwa sababu sijui kitu. Nitajua tu.

Uliuliza kama nyumba tuliyopata ni nzuri. Ni nzuri, Mama. Ina vyumba vitatu, jiko la nje, na ua wa miyenzi, ile minyaa yenye utomvu mweupe, nyuma ya jiko. Tuliambiwa haina mwenyewe tena, kama nyumba nyingi hapa, nasi tukafagia tukaingia. Mapazia tuliyakuta yananing'inia, meupe yenye maua madogo ya bluu. Na tulimkuta paka.

Sikukuandikia habari zake mapema kwa kuwa niliogopa utacheka, halafu nikaogopa hutacheka.

Ni dume la kijivu. Siku tuliyofika alikuwa amelala mlangoni, akatutazama tukipitisha magodoro kama mtu anayehesabu. Pajani alikuwa na kidonda kirefu kama kidole changu, kibichi, na daktari wa mifugo hatukumpata. Shangazi hakumtaka. Alisema kitu kilichobaki peke yake ndani ya nyumba si cha kufuga. Nilimsihi sana, akanipa muda mpaka mwisho wa mwezi.

"Konsolata, kidonda kikiwa bado kibichi siku hiyo, namtia kwenye gunia. Kuna gari la parokia linakwenda Ndera. Atashushwa huko mashambani."

Basi nikaanza na ile asali ya Bibi niliyokuja nayo. Kila nikirudi kutoka shule nilimwosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikampaka asali, nikamfunga kipande cha kitenge kuukuu, kama Bibi alivyomfanyia yule mbuzi aliyeumia. Siku nne zikapita. Kidonda hakikuoza, lakini hakikufunga.

Siku ya tano, saa tisa mchana, paka alitoweka. Aliporudi, kitenge changu hakikuwepo. Alikuwa amefungwa kitambaa kingine, kwa fundo safi kuliko langu, na chini yake kulikuwa na majani yaliyopondwa yenye harufu kali. Kitambaa chenyewe kilikuwa cheupe, chenye maua madogo ya bluu.

Shangazi alikwenda dirisha kwa dirisha akikagua mapazia. Hakuna lililokatwa.

"Ni wewe?"

"Si mimi, Shangazi."

"Yezu wangu! Toa hicho kitu. Mwoshe, halafu mwoshe tena, na usikiguse kwa mkono mtupu."

Nilimwosha, nikampaka asali upya. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Nafunga changu, anarudi na kile cheupe. Naosha majani, naweka asali. Kidonda kilibaki palepale, kama jicho lisilofumba.

Mama, mji huu una kimya cha mchana ambacho siwezi kukueleza vizuri. Hakuna mbwa anayebweka. Nilimuuliza jirani yetu Mama Devota, ambaye alikuwa hapa hapa wakati wote wa vita, mbwa wamekwenda wapi. Akasema habari za mbwa nisiulize. Katika kimya hicho, saa tisa ikifika, paka huinua masikio kama aliyeitwa, akapita nyuma ya jiko. Mimi sisikii kitu. Tangu tulipofika nilikuwa namwita Chui, na kwa jina hilo hakuwahi kugeuka hata mara moja.

Nilimweleza Mama Devota juu ya vitambaa. Hakushtuka.

"Hiyo paka iko na watu yake," alisema. "Kwa hiyo nyumba walikuwa wanne. Baba, mama, na watoto mbili. Anayeifunga, wacha aifunge."

"Lakini ni nani anayemfunga?"

"Mtoto wangu, mimi iko na sufuria kwa moto." Akaingia ndani.

Ijumaa moja walimu walikuwa na mkutano, nikarudi mapema na kujificha nyuma ya kuni. Paka alipopita nilimfuata kwa macho. Pale ua ulipoachana kidogo, niliona mikono miwili imetokeza katikati ya miyenzi. Mikono tu, Mama. Myembamba, imekwaruzwa. Paka alilala kati yake, ananguruma kwa raha, jambo ambalo kwangu hajawahi kulifanya. Mikono ile ikafungua kitenge changu, ikaanza kufuta asali.

Lakini kuona asali ya Bibi inamwagwa chini kuliniuma kuliko hofu.

"Usifute! Hiyo ni dawa!"

Mikono ikatulia. Kisha sauti ikatoka kwenye majani, sauti ya msichana, imekasirika.

"Kumbe ni wewe iko naharibu! Kila siku mi naweka dawa, kila siku nakuta imeoshwa!"

"Majani yako yananuka!"

"Na asali yako iko naita sisimizi. Tena anairamba yote. Hii majani yangu ya umuravumba ni chungu, hawezi kuramba. Wewe hujui paka." Uso ukachungulia kati ya majani. "Mbona unasema kama redio? Umetoka Tanzania?"

Nilicheka, na machozi yakanitoka humo humo. Kumbe wiki zote hizo watu wawili tulikuwa tunamtibu mgonjwa mmoja, na kila mmoja alikuwa anaosha dawa ya mwenzake akidhani ni uchafu.

Anaitwa Odette. Ni rika langu. Anakaa kwa mama mmoja mjane, chini kule barabara ya uwanja wa ndege. Kiswahili alikipata kwa baba yake, aliyekuwa dereva wa malori ya Mombasa. Kitambaa kilikuwa upindo wa gauni lake. Mama yake alilishona kwa mabaki ya mapazia haya tuliyoyakuta.

"Kwa nini hupiti mlangoni?" nilimuuliza.

"Mlango ya nani?"

Akauliza mimi nalala wapi. Nikamwambia chumba chenye dirisha dogo. Akauliza kama kitanda bado kinalia upande wa ukutani. Nikasema ndiyo, kinalia. Sikumuuliza waliko wale watatu wengine wa nyumba hii. Hapa hatuulizani hivyo.

Tulikubaliana dawa iwe moja, ya kwake. Tafadhali mwambie Bibi taratibu. Asali ni nzuri, ila paka huyu anaipenda mno. Kwa siku tisa Odette alimfunga, na mimi sikugusa. Kidonda kikakauka kandokando, kikaanza kujivuta kama mdomo wa mfuko, mwisho kikafunga.

Mwisho wa mwezi Shangazi alikuja na gunia mkononi. Akamwinua paka, akatazama paja lake, akalitupa gunia pembeni. Alifurahi kweli.

"Asali ya mama yangu hiyo! Haya, abaki. Mama yako akija Krismasi atamkuta."

Nilijua nikinyamaza, paka atabaki, nyumba itabaki, na wewe utakuja. Nilitaka kunyamaza, Mama. Nilifika mpaka mlango wa jikoni nikiwa nimenyamaza. Kisha nikarudi nikamwambia si asali, ni Odette, na Odette ni nani.

Shangazi alikaa juu ya lile gunia.

"Ana miaka mingapi?"

"Kama mimi."

"Anakula?"

"Sijui."

"Kamwite. Na apite mbele."

Odette alikuja na gauni lake lililofupishwa. Alisimama nje ya kizingiti akasalimu kwa Kinyarwanda, "Mwiriwe." Shangazi akafungua mdomo kusema karibu, neno likakataa. Sote watatu tulisimama, na paka akipita miguuni mwa kila mmoja. Ndipo Shangazi akatoka nje, akavua viatu, akasimama nyuma ya Odette kama mgeni.

"Tangulia, mwanangu," alisema. "Sisi tutakufuata."

Jumatatu watakwenda ofisini kwa wakuu wa mtaa, Shangazi, Odette na yule mama mjane. Sijui tutaambiwa nini. Odette anasema vyumba ni vitatu, vinatutosha sote. Shangazi anasema hilo si la sisi kusema. Kwa hiyo usiuze kitanda chako bado, Mama, na usiwaage majirani.

Nisalimie Bibi na mjomba fundi cherehani. Mdogo wangu Deo mwambie asiache hesabu. Msalimie pia katekista wetu, aniombee Kifaransa. Mama Devota anakusalimu bila kukujua. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alijibu kwamba hatukumuuliza kama nyumba ina mwenyewe, tuliuliza tu habari za paka.

Shangazi anasema nimefanya vizuri. Wewe usinisifu, Mama. Siku tisa nililala katika kitanda cha Odette huku nikijua.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Konsolata