Kima Wako Wamekula Ndizi Zangu

Mpendwa Mama Amina,

Kwa masikitiko makubwa, nakitangazia kijiji kizima cha Kulesa, pamoja na wewe huko uliko: leo asubuhi mkungu wangu wa ndizi umeporwa. Mtuhumiwa ana kishungi kichwani na mkia mrefu, na hakuonyesha dalili yoyote ya kujuta. Ni kima wako.

Wivu huu sikuwahi kuuficha. Mwanamume mwenzangu ningemkabili, kima nitamkabilije? Kila alfajiri walikuwa wao kwanza. Mimi nimejikalia kivulini namenya ndizi, wewe unachimba mashimo ya miche ya mikuyu, chakula chao, ukingoni mwa mto, mahali ambapo tungelima mahindi. "Hawa hawapo popote duniani ila kwenye msitu huu wa Tana," ulisema. Nikakujibu kwamba hata mimi nipo mmoja tu. Ulicheka, ukaendelea kuchimba.

Halafu akaja Guyo, yule mfugaji wa Kiorma. Wakulima wenzetu walitaka msitu uzungushiwe ua, basi. Ukawakatalia: "Ng'ombe mwenye kiu haoni ua. Mwacheni apate malka yake." Mkakaa chini, wewe na Guyo, mkinywa maziwa na kupanga hiyo malka, njia moja ya ng'ombe kushukia mtoni, ili miti isiguswe. Mimi napita, narudi, najifanya natafuta jembe.

"Baba Amina, jembe umelishika," ukaniambia, mbele yake!

Tangu tukuzike, vichaka vya miba vya mathenge vimeiziba malka. Ng'ombe wakaanza kupenya msituni na kukanyaga miche yako. Na Guyo bado anaiita mikuyu ile "watoto wa Mama Amina," kana kwamba mimi sina changu humo.

Sasa ukweli wa leo asubuhi. Nilitoka na panga kwenda kuukata mkuyu unaowavusha kima hadi kwenye migomba yangu. Nikamkuta Guyo peke yake, mikono imechanika, anafyeka mathenge.

"Karibu, shemeji," akasema. "Nilijua utakuja."

Shemeji! Kumbe miaka yote hiyo alikuhesabu kama dada yake. Panga nililolileta kukata mkuyu nikaligeuzia mathenge. Nikafyeka. Jua lilipopanda, ng'ombe wakashuka mtoni kwa njia yao, na hakuna mche uliokanyagwa.

Juu ya mkuyu kima mmoja alikuwa anamenya ndizi yangu, ananitazama ninavyotoka jasho. Nikamtambua. Ndivyo nilivyokuwa nikikutazama wewe.

Pumzika. Panga ninalo mimi sasa, la mathenge, si la mikuyu.

Mumeo,
Baba Amina