Waliofukia Ngolo Zako

Mama,

Nimeolewa! Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiliulizia hata sauti ilipokuwa imekuishia. Ni Onesmo, yule yule wa Lipingo ambaye ulisema anacheka kama mtu aliyeshiba. Ananipenda, Mama! Akiniita "mke wangu" mbele za watu, bado nageuka kuona anaitwa nani.

Lakini nina hasira, na wa kumwambia ni wewe.

Baada ya harusi tulikuja Mpepai kuwaona wadogo zangu. Nikampandisha mume wangu mlimani nimwoneshe shamba lako. Ngolo hazipo. Yale mashimo yako yaliyojaa mteremko mzima kama sega la asali, yaliyokuwa yakishika maji ya mvua, yote yamefukiwa! Walikuja vijana wa kujitolea, fulana zao rangi moja, kusaidia familia zisizo na wazazi. Walipoona mashimo wakadhani shamba limeharibika. Wakasawazisha, wakapiga matuta yaliyonyooka kutoka juu mpaka bondeni, wakapanda maharage, wakapiga picha na wadogo zangu, wakaondoka. Baba mdogo ndiye aliyewaruhusu. Eti walileta mbegu za bure, angewakatalia vipi?

Mvua moja, Mama. Mvua moja tu! Maharage na udongo wake vikaishia kijitoni, na hicho ndicho chakula cha wadogo zangu. Hivi hawakuona mlima wa jirani una mashimo yale yale? Hawakumwona hata mwanamke mmoja wa kumwuliza? Nilimpigia simu kiongozi wao, akaniambia niwe na shukrani. Shukrani!

Nililia. Onesmo akanifuta machozi, akasema, "Nioneshe zinavyochimbwa."

Basi nikawaita wenzako wa ngokela, wale mliokuwa mkilimiana kwa zamu. Wakaja wote, bila fulana za rangi moja, kila mmoja na mbegu kidogo kwenye pindo la kanga. Wanaume wakafyeka majani na kuyalaza kwa miraba. Sisi wanawake tukachimba katikati na kuyafunika udongo. Mume wangu, mtu wa ziwani, akajipanga na wanawake ili awe karibu nami! Bibi Filomena akamtania, "Wewe mume wangu, unachimba au unapiga kasia?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mchana wakala ugali kwa usipa, dagaa wa kwao ziwani, aliokuja nao Onesmo, wakamsamehe jembe lake.

Yule kiongozi anasema watarudi msimu ujao. Waje. Nitawapokea mimi, nitawapa majembe, na watachimba pale Bibi Filomena atakapowaonesha. Asiyetaka hatakanyaga shamba lako. Nakuahidi, Mama.

Shimo la juu kabisa, ulilokuwa ukianza nalo kila mwaka, nimelichimba mwenyewe. Maharage yameanza kuchungulia. Lala sasa, wadogo zangu watakula.

Mwanao Leokadia,
mke wa Onesmo (naandika hivyo kwa raha tu)