Mtamba Mwekundu na Sindano Niliyoisingizia

Kabula, mdogo wangu,

Mwangaluka. Ninakuandikia nikiwa uani kwako hapa Ngulyati, nimekalia kigoda chako cha kukamulia, kwa kuwa viti vya arobaini yako vimekwisha kurudishwa kanisani. Najua barua haifiki uliko. Nimetaka isomwe na wengine, maana aibu iliyomo ni yangu, na kama ina faida yoyote, faida hiyo ni ya mabinti zao.

Unamkumbuka yule mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni? Ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na saba. Baba alikuahidi ndama wake wa kwanza. Ndama hajaonekana hata kwa ndoto, wewe ulikwisha kumpa jina, na kila jioni ulikuwa unabishana na Masanja, mdogo wetu wa mwisho, kwamba asithubutu kumgusa mkia.

Ndipo akaja bwana mifugo na kasha lake la dawa. Alikuwa na chanjo ya ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Alitueleza vizuri, tena mara mbili, kwamba ile chanjo ni ya mitamba ambao hawajapandwa. Akidungwa mwenye mimba, mimba inaweza kutoka. Akawa anapita mmoja mmoja, anauliza, "Huyu amepandwa?" Alipofika kwa mwekundu nilimjibu mimi, kwa sababu mchunga ng'ombe nilikuwa mimi.

"Hajapandwa, bwana mifugo."

Alikuwa amepandwa, Kabula. Wiki kadhaa kabla ya siku ile nilikuwa lamboni, nimejilaza na kitabu nilichoazimwa na katekista, kitabu kisichokuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Nilipoinua kichwa, dume la jirani lilikuwa linashuka mgongoni mwa mtamba wetu. Baba alikuwa amemtunza yule mtamba kwa ajili ya dume alilolichagua yeye. Niliiogopa fimbo yake kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwenye kasha la dawa.

Haikupita miezi mingi tukaokota kitu kando ya boma, hakina manyoya, macho yamefumba. Ulilia siku mbili, ukagoma kula. Baba alisimama pale akasema, "Sindano imenitupia ndama." Mimi nilikuwa nimeshika jembe la kufukia. Nilifukia.

Tangu siku ile kisa kile kilikuwa chako, na hakuna aliyekijua kukisimulia kama wewe. Ulikuwa unatembea kama bwana mifugo, na mabuti yaliyomzidi miguu, ukisemea puani, "Hii ni kinga, mzee! Ni kiiinga!" Wanawake kisimani walikuwa wanaweka ndoo chini ili wacheke vizuri. Halafu ulikuwa unamaliza kwa sauti ya chini: "Ng'ombe wetu sindano ilimtoa mimba. Je, mtoto wa mtu?" Hapo hakuna aliyecheka tena.

Mimi niliondoka na fungu langu la ng'ombe kwenda kusini. Nilikaa Usangu, wafugaji tukahamishwa, nikateremka mpaka Lindi, kwenye nchi ya mikorosho, ambako hadi leo nasema na ng'ombe wangu kwa Kisukuma na majirani hawaelewi naongea na nani. Upweke ulinifanya msomaji. Nilisoma vitabu, magazeti yaliyofungiwa sukari, vipeperushi vya zahanati. Ndiyo maana siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilikuwa najua kwamba saratani ya mlango wa kizazi, katika wagonjwa walio wengi, huanza na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, kwamba kirusi hicho kimeenea mno, na kwamba mwanamume au mwanamke anaweza kukibeba bila kuhisi lolote. Nilikuwa najua kwamba kondomu inapunguza hatari bila kuimaliza, kwa kuwa kinapita hata kwa kugusana ngozi. Miili mingi hukifukuza yenyewe. Katika baadhi ya wanawake hukaa miaka na miaka, kikiharibu kimyakimya. Sitamsingizia marehemu shemeji na safari zake za dagaa za Lamadi. Kirusi hakiachi jina la aliyekileta.

Na nilikuwa najua kwamba chanjo yake hufanya kazi vizuri zaidi binti akiipata kabla hajakutana na mwanamume. Sisi wafugaji tulipaswa kuwa wa kwanza nchi nzima kulielewa jambo hilo. Tulikuwa wa kwanza kulikataa, na waliolikataa hapa walilikataa kwa kisa changu.

Ulinipigia simu mwaka ule wauguzi walipokwenda shuleni kwa Holo, mjukuu wako mkubwa.

"Kaka, wewe mtu wa vitabu. Wanataka kumchoma Holo sindano ya kizazi. Nimewasimulia mama zao habari za mtamba wetu, nusu ya darasa wamebaki nyumbani!" Ukacheka. Halafu ukauliza, taratibu, "Au nimekosea?"

Ulinifungulia mlango, Kabula. Sentensi moja tu ingetosha. Nikakujibu, "Ninyi mlioko huko ndio mnaojua."

Kabla hujakata uliniambia kwamba damu imeanza kukutoka tena, utu uzima wote huo. "Nimerudi usichana, kaka, utafute mahari yangu!" Nilikwambia uende hospitali haraka. Ukasema, "Kwa walewale watu wa sindano?" Hata hapo sikukwambia ukweli. Miezi mingi baadaye binti yako Nkamba alipokupeleka kwa nguvu, daktari alimwambia kwamba umechelewa. Ungepimwa mlango wa kizazi mapema, pengine wangeuona ugonjwa ungali unatibika.

Niliposhuka Bariadi ulikuwa umekwisha kuzikwa.

Siku ya arobaini, baada ya chakula, Nkamba alitoa karatasi ya shule. Minza, mtoto wake wa mwisho, ana miaka kumi na minne. Kwa kampeni ya shuleni hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho. Nkamba aliitandaza gotini akatuuliza sisi wajomba tunasemaje.

Masanja, ambaye sasa ndiye mwenye boma, alijibu bila kuiangalia. "Muulizeni bwana mifugo!" Watu wakacheka. Kicheko kilikuwa chako, unakijua.

Nikasimama nikasema. Nilieleza kitabu, lambo, dume la jirani, jibu nililolitoa. Nilisema sindano ile haikuwa na kosa, kwamba mwenye kosa alikuwa mimi, na kwamba Kabula ameingia kaburini akiamini uongo wangu. Nilidhani nikimaliza nitakuwa nimetua mzigo.

Masanja aliniangalia sana. "Kwa hiyo kaka, tangu ujana wako ni mwongo."

"Ndiyo."

"Ukamdanganya baba, ukaidanganya serikali, ukamwacha dada anatembea na maneno yako mpaka anakufa. Na leo unataka tukuamini wewe, tumtoe mtoto?"

Ningekuwa yeye, nami ningesema vilevile.

Aliyeingilia kati alikuwa mayu Ng'washi, yule mama jirani yako ambaye hasikii vizuri na husikia kila kitu. Aliuliza, "Na huyo ng'ombe alizaa tena?"

Watu wakatazamana. Masanja akashusha macho. Nikamwambia, "Mayu, alizaa kila mwaka mpaka akazeeka. Ng'ombe waliotolewa mahari ya Masanja, wengi ni wa tumbo lile."

"Basi Masanja," mayu akasema, "umeoa kwa ng'ombe wa sindano, na watoto unao kama kuku. Unamkatalia nini huyu?"

Wakacheka tena, safari hii Masanja akiwa katikati ya kicheko. Nkamba peke yake hakucheka. Aliikunja ile karatasi akaingia nayo ndani.

Siku ya chanjo alimpeleka Minza mwenyewe, kwa mguu. Mtoto alirudi akijisugua bega, akaniambia, "Babu, ni kama siafu tu." Muuguzi alikuwa amemwambia Nkamba kwamba chanjo haiondoi haja ya kupimwa binti akiwa mkubwa, na kwamba yeye mama mtu asingoje damu. Nkamba amepimwa. Hana tatizo. Hili nimetaka ulijue.

Ila Holo alikwisha kuolewa, yuko Nyalikungu, na mwaka wake wa sindano ulipita nikiwa nimeshika simu.

Jioni ile nilifunga begi. Nkamba akanikuta.

"Mjomba, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Ng'ombe nimewaachia watu."

"Sikumpeleka Minza kwa ajili yako," alisema. Hakupandisha sauti, ana sauti yako kabisa. "Mama alikuuliza kwenye simu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alipokata aliniambia, kaka hajakataa, basi ni kweli." Akalisogeza begi langu kwa mguu. "Mama alikipeleka hicho kisa nyumba kwa nyumba. Kitembeze na wewe. Ukimaliza, utaondoka."

Kwa hiyo bado niko hapa. Kila asubuhi napita kwenye maboma uliyokuwa unapita, nabisha hodi, nakaribishwa maziwa, nasimulia. Nasimulia vibaya. Siwezi kutembea kama bwana mifugo na sauti ya puani hainitoki. Wanacheka hata hivyo, ila sasa wananicheka mimi, na nawaacha wacheke, maana anayecheka hajafunga mlango. Nikimaliza nawaambia kwamba waliokosa siku ya shule bado wanapokelewa zahanati, mradi hawajapita miaka kumi na minne. Wako waliokwenda. Mmoja alinifukuza, akasema nimetumwa.

Jana niliingia kwa mama mmoja, rafiki yako wa kusuka ukili. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Alikuwa anachambua mboga, na mkono haukusimama. Nilipotaja umri wa mabinti, akamwita binti yake atoke ndani nimwone. Msichana mrefu, mwenye adabu, alipiga goti akanisalimu.

"Ametimiza kumi na sita," mama yake akasema. "Mwaka ule walipokuja, Kabula alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Siku ile ndiyo ungekuja naye."

Lala, Kabula. Sikuombi unisamehe, kwa sababu huwezi tena kukataa, na msamaha wa namna hiyo ningekuwa nimeuiba. Kesho naanza upande wa pili wa barabara.

Kaka yako wa tumbo moja.