Kwa Hamadi: Habari ya Tezi Dume na Harusi ya Nuriati

Andoany, Nosy Be
Jumapili, baada ya alasiri

Mdogo wangu mpenzi Hamadi,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute umeketi barazani, macho bado yanasoma bila kuazima miwani ya shemeji. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi mwenyewe ni mzima kiasi cha kujisifia, na ndiyo sababu ya kuandika. Wewe je? Najua utajibu "mzima". Umekuwa ukijibu hivyo tangu utotoni, hata siku ile ulipoanguka mnazini mkono ukavunjika.

Utauliza kwa nini kaka yako anaandika na simu iko mfukoni. Simu yako, bwana, unaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza na jirani anachangia. Ninayotaka kukwambia si ya jirani. Bahasha hii nimempa Mngazija mmoja anayekwenda Unguja kupitia Moroni, na kutoka huko ataituma Tanga. Isome ukiwa peke yako.

Shemeji Mwanakombo alinipigia. Usimgombeze, maana alizungumza huku analia. Aliniambia usiku unaamka mara tano mara sita, una kopo chini ya kitanda, na wewe uliyekuwa ukifika msikitini kabla ya mwadhini sasa unasali chumbani. Ukiulizwa, unasema magoti. Hamadi, magoti hayo na mimi nilikuwa nayo.

Unajua nimekaa kisiwani huku kwa Wamalagasi tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, kazi yangu kutengeneza mashine za boti zinazovuka kwenda Ankify, bara. Miaka ya karibuni nilikuwa nikipanda boti hizo kwa hofu, ingawa ni safari fupi. Kabla ya kuondoka nilikwenda msalani mara mbili, na bado nikifika ng'ambo nilikuwa wa kwanza kuruka. Mke wangu Mariama alipouliza nikamwambia ni chai. Nikaacha chai. Hakuna kilichobadilika, na nikabaki bila chai.

Mwaka jana Zalihata, mjane wa mwanangu Saidi, Mungu amrehemu, akanipigia kutoka Mahajanga. Binti yake Nuriati ameposwa. Na kwa kuwa Saidi hayupo, mimi babu yake ndiye walii wa kumwoza. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Tukavuka mimi na Mariama, tukapanda gari la abiria kuelekea Mahajanga, njia ndefu na mashimo yake.

Tulipofika Antsohihy gari likasimama ili watu wapate kula. Nikaenda nyuma ya ukuta, nikasimama. Hamadi, halikutoka hata tone. Nikakaza, nikaomba dua, nikafungua bomba la watu ili maji yanishawishi. Wapi. Tumbo chini ya kitovu likawa gumu kama ngoma. Nikarudi nikitokwa jasho, nikajikunja kwenye kiti.

Mariama akaniangalia. "Una nini?"

"Magoti."

"Magoti hayamfanyi mtu ashike tumbo." Akageuka, akamwambia dereva kwa Kimalagasi, mbele ya abiria wote, kuku wakiwemo, kwamba mume wake hawezi kukojoa. Nilitamani gari liwake moto. Lakini dereva hakucheka. Alisema, "Baba yangu alipatwa na hayo," akawaacha watu na wali wao, akatukimbiza hospitali. Huko muuguzi akaniingiza mpira wa mkojo. Mkojo ukamiminika kwenye mfuko, ukajaa, wakamwaga, ukajaa tena. Nililia, mdogo wangu. Maumivu yalikuwa yamekwisha. Nililia kwa raha.

Nikaingia Mahajanga na mfuko umefungwa pajani chini ya kanzu. Tukafikia kwa Zalihata. Kesho yake wakanipeleka kwa daktari wa njia ya mkojo. Mtu mpole, ana mikono midogo kama ya fundi saa. Akapima damu, akapima kwa picha, na akapima kwa kidole, kipimo ambacho nilikiogopa kuliko kaburi na kilichomalizika kabla sijamaliza kusoma Kulhuwallah. Akasema tezi dume imevimba, haina saratani, lakini imeukaba mrija wa mkojo.

Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha gereji, "Yaani kama bomba la dizeli lililominywa."

Akacheka. "Hasa, fundi. Na mimi nitaingia ndani ya bomba, nitoe kinachominya. Sitakupasua tumbo. Natumia mwali wa leza."

Nikauliza lile ambalo na wewe unalihofia, usinikatalie. Nikamwomba Mariama atoke kwanza. Akakataa kutoka, akasema, "Swali hilo ni langu pia." Daktari akasema wanaume wengi hubaki na nguvu zao, ila maji ya uzazi huenda yasitoke nje tena, yatarudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Mariama akasema kwa Kikomoro, "Watoto tumeshazaa, tunataka usingizi." Nikatia sahihi.

Walinichoma sindano ya mgongoni, miguu ikafa, nafsi ikabaki macho. Nilisikia mashine ikilia taratibu, na daktari akiimba kwa pua. Uchungu sikuusikia. Nilipotoka nilikuwa na mpira mnene, maji yanaingia kutoka mfuko wa juu na kumwagikia mfuko wa chini, kuosha kibofu. Siku ya kwanza yalitoka mekundu kama mto Betsiboka wakati wa masika. Mariama alikaa pembeni akiyasoma kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Sasa ni juisi ya tikiti," akasema jioni. Asubuhi akasema, "Chai ya rangi. Unapona."

Siku ya tatu muuguzi aitwaye Odette, mama mnene mwenye sauti ya kijeshi, akautoa mpira. Akanipa gudulia la maji, akasema sitarudi nyumbani mpaka nikojoe. Nilipokojoa niliungua kana kwamba nimemwagiwa pilipili, lakini mkojo ulikuja kwa kishindo, nikausikia ukigonga bakuli. Tangu lini sijausikia! Odette mlangoni akapiga makofi.

Nikadhani yamekwisha. Hapo ndipo fedheha ilipoanza, na sehemu hii isome polepole.

Nilivuja. Nikikohoa, nikicheka, nikiinuka kitini, tone linatoka. Daktari alinionya kwamba huenda ikawa hivyo kwa wiki kadhaa, kwa kuwa msuli wa kuzuia ulikuwa umezoea kusaidiwa na ule uvimbe. Lakini kuambiwa si kulowa. Na nililowa wapi? Nyumbani kwa mkwe wangu. Mwanamke ambaye tangu aolewe na Saidi hajaniona nikila bila kofia kichwani. Nikawa navificha vikoi vyangu chini ya godoro, nikingoja wakitoka nivifue mwenyewe. Siku moja nikainua godoro, nikakuta hakuna kitu. Nikaangalia dirishani: vikoi vyangu vitatu vimeanikwa uani, vyeupe, vimepigwa pasi na jua. Kwenye kiti kando ya kitanda kuna vitambaa safi vimekunjwa na pakiti ya pedi za wagonjwa. Zalihata alipoleta uji aliinamisha kichwa, akasema tu, "Baba, Saidi alipokuwa mgonjwa nilimfulia mwaka mzima. Usinifanye mgeni."

Kisha nikafanya ujinga, nao nautaja ili usije ukaurudia. Wiki ya pili nilijiona dume. Mkojo mweupe, hamu ya kula imerudi. Kaka yake Zalihata akaleta gunia la mchele wa harusi kwa pusipusi, kile kigari cha kuvutwa na mtu. Nikaona wanahangaika nalo mlangoni. Mimi niliyebeba mashine za boti mabegani! Nikalinyanyua. Adhuhuri mkojo ukawa Betsiboka tena, na alasiri mabonge ya damu yakaziba njia. Nikarudishwa kliniki nikigumia. Odette akaniosha kibofu kwa bomba kubwa huku akinisomea: wiki nne hakuna kubeba, hakuna pikipiki, hakuna kukazana msalani, kula papai, kunywa maji. "Wewe ni fundi," akasema, "ukishafunga mashine upya unaipeleka mbio siku hiyo hiyo?" Nikawa mtiifu. Akanifundisha pia kubana misuli ya chini, kama mtu anayezuia upepo mbele ya wakwe, mara nyingi kwa siku. Nilibana nikila, nikibarizi, nikisikiliza redio.

Siku ya ndoa ikakaribia na bado nilivuja kidogo. Nikamwambia Mariama nitampa shehe uwakili aoze badala yangu, sheria inaruhusu. Alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho. "Nuriati hana baba," akasema. "Unataka asiwe na babu pia kwa sababu ya tone?"

Nikaenda kwa mwalimu wa msikiti wa jirani, mzee wa Kingazija, nikamweleza kwa aibu. Akaniambia mwenye udhuru kama wangu ajisafishe, avae kitambaa, atie udhu wakati wa sala ukiingia, asali. "Mungu anajua mwili aliouumba," akasema. Nilikuwa nimejifungia wiki tano kwa jambo ambalo dini ilishalijibu zamani.

Ndoa ikafungwa msikitini baada ya alasiri. Nikavaa kanzu na koti jeusi, na ndani nimejifunga kama mtoto. Khatibu akaanza hotuba. Hamadi, alitoka kwa Nabii Adam na hakuwa na haraka ya kufika kwetu. Haja ikanishika. Nikabana, nikabana. Alipofika kwa Nabii Nuhu na yale maji yote, nikanyanyua mkono, nikasema, "Shehe, nisameheni, narudi." Nikasimama mbele ya safu zote, nikatoka. Nilijua kila mtu anajua. Nikajisafisha, nikatia udhu, nikarudi nikijiambia kwamba wakicheka, wacheke.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamekaa wakiningoja, bwana harusi mkono wake umenyooshwa tayari. Nikaushika, nikasema, "Nimekuoza mjukuu wangu Nuriati, binti wa mwanangu Saidi," na hapo kwenye jina la Saidi sauti ilinikatika, ikabidi nianze upya. Mara ya pili nilifika mwisho.

Tulipokuwa tunakula halua, babu yake bwana harusi, mzee mkavu ambaye tangu posa hakuwahi kunipa zaidi ya salamu, akajisogeza akaninong'oneza, "Daktari wako yuko mtaa gani?" Mwezi uliofuata naye alilala kwenye kliniki ile ile, Odette akimpigia makofi.

Sasa niko nyumbani Nosy Be. Ilichukua kama miezi mitatu kukauka kabisa. Nalala, nikiamka ni mara moja, pengine naamka kwa adhana. Nimerudia chai. Na lile swali la Mariama, jibu lake limekuwa jema. Daktari alisema kweli kuhusu maji, na hatujayakosa.

Hamadi, liko jambo jingine, sijawahi kumwambia mtu. Marehemu baba hakufa kwa tumbo. Wewe ulikuwa shule Korogwe, ukaambiwa tumbo, na mimi nikaitikia. Alizibwa mkojo. Siku tatu alilala akiuma shuka, nami nilikuwa nimemshikia beseni lisiloingia kitu. Nilimwomba twende hospitali. Akasema muuguzi wa pale ni binti wa mtaani kwetu, hawezi kumvulia nguo. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikanyamaza miaka yote hii nikidhani ninamtunzia heshima. Leo nimekivunja kiapo, na sioni kama amekasirika.

Kwa hiyo ninakuomba, na kama ombi halitoshi ninakuamuru kwa ukubwa wangu: kesho vaa kanzu safi, mchukue Mwanakombo, uende hospitali, useme maneno matatu tu, "Daktari, mkojo hautoki." Huenda wewe ukapona kwa vidonge, huenda wakakuchunguza wakaona jambo jingine. Sijui, wao ndio wajue.

Nisalimie dada yetu mkubwa Bi Salama, mwambie dawa ya macho nitamtafutia. Nisalimie mwanao Omari na mkewe, na yule kitindamimba wako anayesoma ualimu. Shemeji Mwanakombo mpe salamu zilizo na asante ndani yake. Mariama anakusalimu, anasema ukikataa kwenda atapanda meli aje akwambie mbele ya watu, na mimi nakuthibitishia kwamba anaweza. Zalihata na Nuriati wanakuamkia. Nuriati ni mjamzito.

Nilikubeba mgongoni ukiwa hujajua kutembea. Mimi ndiye mkubwa, zamu ya kutangulia ni yangu. Usinipite.

Kaka yako akupendaye,
Athumani