Sabuni ya kakawete

Alhamisi, kabla ya kulala

Sabuni. Kwa nini sabuni?

Kila muhula darasa letu hucheza kakawete: unaokota jina la mwenzako, unampa zawadi kwa siri, na siku ya mwisho mnajulishana. Wenzangu wameletewa kalamu, biskuti, bangili. Mimi leo asubuhi nimekuta ndani ya meza yangu kipande cha sabuni ya kuogea.

Aline, ninayekaa naye, alicheka. "Muntu akikupatia sabuni, kuna kitu anakuambia, chérie."

Siku nzima nilikuwa nanusa sweta yangu huku najifanya nasoma. Napanda kilima kila asubuhi, natoka jasho, najua. Namshuku Divine, yule wa miwani anayekaa nyuma yangu. Wiki iliyopita alivuta kiti chake nyuma, mbali nami. Alidhani sikuona.

Jioni Maman, anayeuza vitu vya Bukavu sokoni Kamembe, aliigeuza ile sabuni mkononi.

"Hii nimeuzisha mimi. Mutoto mumoja wa masomo yenu, wa miwani. Alinusa zote kwanza. Nilimuonyesha ya bei kidogo, akakataa."

Kwa hiyo ni yeye. Lakini mtu anayetaka kukutukana hasumbuki kunusa zote. Au ndiye anayesumbuka zaidi?

Kesho nitaiogea, kisha nitakaa bila kugeuka. Kiti chake kikisogea tena nyuma, nitajua. Kisiposogea, itabidi nimsemeshe, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.