Sambaza Imejijenga Yenyewe

Kwako Espoir, uliyekuwa mchumba wangu,

Nakuandikia kutoka Keshero, hapa Goma, sebuleni kwa mama. Leo asubuhi Sambaza imekamilika. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka tulivyoipa lugha yetu ya kompyuta jina la samaki wadogo wa ziwani, tukitaka iwe ndogo na kila mtu aimudu? Kompaila yake, yaani programu ya kuitafsiri kwa mashine, tukagawana: wewe ukaandika sehemu ya kusoma maneno ya mtu, mimi sehemu ya kuyageuza kuwa amri za mashine. Siku ya kwanza tulijaribu na hesabu ya mama, ya samaki anaouza sokoni Kituku. Tukaandika kilo 2,5, yaani mbili na nusu, kama tulivyofundishwa shuleni, kumbe wewe ulikuwa umeupa mkato kazi ya kutenganisha vitu. Ikatoka kilo mbili, na kilo tano pembeni. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Espoir, hii mashini yako itaniuzishia samaki yenye sina!"

Nawe, mbishi kama kawaida, ukausingizia mkato: "Mama, ni ku masomo walitufundishaka ile virgule. Miye sina kosa."

Nilikupenda sana siku ile.

Kisha ukapata kazi Kampala. Simu zikapungua, na mwishowe ukaniambia una mwingine. Sikukutukana, unajua. Ila kila nilipotaka kurekebisha kitu kwenye Sambaza nilikuta kazi yako, na kwa kuwa hukuwahi kuandika maelezo, ilibidi nianze kukisia ulikuwa unawaza nini. Hilo ndilo lililonichosha, Espoir: kuishi na mawazo yako wakati wewe mwenyewe hupo.

Basi nikaamua kuandika kompaila nzima upya, safari hii kwa Sambaza yenyewe. Leo ile ya zamani, yenye nusu yako, imeisoma hii mpya na kuigeuza kuwa programu kamili. Halafu hiyo mpya ikajisoma, ikajijenga, bila kosa hata moja. Kuanzia sasa ya zamani haina kazi tena.

Ndani yake hamna hata mstari mmoja wako. Lakini bila wewe isingezaliwa, na nalisema hilo bila uchungu. Nilidhani ningelia. Nimefurahi tu, kimyakimya, nikamwita mama aje aone.

Ukifika Goma pita nyumbani, mama atakupikia. Mimi sikungoji tena.

Aliyekuwa mchumba wako,
Neema