Muhali na Breki za Pikapu ya Baba

Jumamosi, alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi ikaacha ua wote matope, na gari yangu imo katikati yake kwa siku ya pili. Nimerudi kutoka kwa Ami Faki, sina hamu ya kula. Bora niandike kabla sijapasuka.

Nimebanwa. Sina neno jingine.

Kesho ni arusi ya Salma, binti wa Ami Faki. Ami ni mdogo wake marehemu baba. Akina mama ishirini, na masufuria yao, wanatakiwa kupelekwa Chokocho kwa bwana arusi, na gari yenyewe ni hii pikapu aliyoniachia baba. Hakuna aliyeniuliza kama inakwenda. Juzi Ami alikuja barazani akanitajia saa ya kuondoka, nami nikaitikia "haya, Ami" huku nikijua fika kwamba kanyagio la breki linazama mpaka chini, na tairi la nyuma la kushoto linavuja mafuta ya breki.

Kwa nini niliitikia? Muhali. Huku kwetu mtu mzima akikutaka kwa jambo la arusi au msiba, neno "hapana" halioni njia ya kutokea mdomoni. Hata kama unaungua, utasema moto wenyewe si mkali.

Basi jana nikaipandisha gari jeki, nikatoa tairi, nikafungua dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki. Ndani kumeloa chepechepe. Nikanunua hapa hapa Wete raba mpya za silinda ya tairi, kile kikopo cha mafuta kinachosukuma breki, nikazibadilisha, nikamwita mke wangu Asha akanyage breki ili mimi nitoe hewa iliyoingia kwenye mafuta. Akakanyaga, akakanyaga, mwisho akauliza kwa upole kama kuna siku atateremka. Mafuta yakatoka vilevile. Silinda yenyewe imeliwa na kutu, raba haina pa kushika. Mpya itakuja na boti kutoka Unguja, wiki ijayo.

Leo asubuhi nilimpigia simu fundi mmoja wa mjini Chake. Hakufikiri hata kidogo. Akasema niikunje paipu inayopeleka mafuta ya breki kwenye tairi hilo, niiponde kwa nyundo mpaka izibe, niende na breki tatu, mbona kila mtu anafanya hivyo. Nakiri kwamba nilifurahi. Nikachukua nyundo.

Kwanza nikalala chini ya gari kuifuata ile paipu, nione inapogawanyika kwenda matairi mawili ya nyuma. Nikapitisha kidole na upande wa kulia, ambao haukuwa na tatizo lolote.

Paipu ya kulia ilikuwa imeshakunjwa na kupondwa, zamani sana.

Kutu imepanda juu ya alama za nyundo. Gari hii haijapata kuguswa na fundi mwingine ila baba, tena uani hapa hapa. Kumbe miaka yote ile alikuwa akiendesha na breki tatu. Na mimi nikiiziba hii ya kushoto nabaki na mbili za mbele, akina mama ishirini mgongoni, kwenye miteremko yote ya kwenda kusini.

Nililala pale chini muda mrefu. Mama akapita na ndoo, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia sijaumia. Mama ndiye aliyekuwa akikaa mbele na baba kila safari, kwa hiyo sikumwonyesha.

Nilimkasirikia baba, sitaki kuficha. Mtaa wetu mzima wa Jadida unamsifu kwa ukarimu: wagonjwa, maiti, mabi arusi, karafuu za watu, hakumrudisha mtu. Kisha nikakumbuka alivyokuwa akinyamaza kila tukifika kwenye mteremko, nasi watoto nyuma tunaimba. Hasira ikanitoka, ikabaki huruma.

Baada ya sala ya adhuhuri nikaenda kwa Ami. Alikuwa na wazee wenzake wakifunga turubai.

"Ami, gari haina breki. Kesho sendi."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mbele za watu, na watu kweli walikuwapo. Akasema taratibu, "Babako, Mungu amrehemu, hajapata kumkatalia mtu. Weye nani kakufunza?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikalimeza, maana aliyekufa hawezi kujitetea. Nikasema tu, "Nisamehe, Ami. Tafuteni gari nyingine." Nikatoka nyumba ya arusi bila kukaribishwa hata chai.

Nimerudi, nimeiweka gari juu ya mawe na tairi nimelifungia stoo. Najifahamu. Wakija kunibembeleza jioni nitalegea, na gari isiyo na tairi hailegei.

Kesho watapanda gari nyingine, na nitasemwa njia nzima mpaka Chokocho. Nisemwe, ila wafike. Linaloniuma ni jingine. Miaka yote ile, kila tuliposhuka salama, tulimshukuru baba kwa kutupakia. Hakuna kati yetu aliyemuuliza hata mara moja kama anaogopa.